Swartkop au Duxford? Kwa mtu wa Mtwara na Lindi anayetaka kuona ndege za kivita za zamani

Kusini hatuna makumbusho ya ndege. Historia ya ndege tunayo, tena nzito, ila ndege zenyewe ziko mbali. Kijana wa Masasi au Nachingwea mwenye mapenzi na mashine hizi hana budi kusafiri, na akianza kuulizia hukutana na majina mawili kuliko mengine. La kwanza ni Makumbusho ya Jeshi la Anga la Afrika Kusini, yaliyoko kwenye kambi ya Swartkop, Pretoria. La pili ni Duxford, tawi la Imperial War Museums karibu na mji wa Cambridge, Uingereza. Kote kuwili kuna mahanga, yaani mabanda makubwa ya kuhifadhia ndege, yaliyojaa ndege, na kote kuwili baadhi ya ndege hizo hutolewa nje na kurushwa katika maonyesho ya kila mwaka.

Nimefika huko kote. Mpwa wangu, anayesomea ufundi wa magari, ameniuliza swali lile lile tangu aanze kuweka akiba: "Mjomba, pesa yenyewe ni ya safari moja tu. Niende wapi?" Nimemjibu Swartkop. Nitaeleza kwa nini, na nitasema pia ni mtu gani ningempeleka Duxford bila kusita.

Ndege hizi zinatuhusu

Mtu wa Mtwara haendi kwenye makumbusho ya ndege za kivita kama mgeni kabisa. Mwanzoni mwa 1916, Kikosi cha 26 cha Royal Flying Corps, jeshi la anga la Uingereza la wakati huo, kilishuka Afrika Mashariki kupigana na majeshi ya Wajerumani ya von Lettow-Vorbeck. Kiliundwa mwaka 1915 na wengi wa watu wake walitoka Afrika Kusini. Ndege zao zilikuwa B.E.2c na Henri Farman, mbao na kitambaa vilivyokazwa kwa waya. Jua liliukunja ubao, mvua ikailegeza gundi, na malaria ikawaangusha marubani na mafundi. Baadhi ya watu waliopita kwenye vita hivyo walikuja kutumikia katika Jeshi la Anga la Afrika Kusini, lililoanzishwa mwaka 1920. Kwa hiyo ukisimama Swartkop na kusoma mabango ya mwanzo kabisa, sehemu ya habari unayosoma ilitokea huku kwetu.

Kisa kingine hakina ndege ya kuonyesha popote, lakini siwezi kukiacha. Novemba 1917, mwezi mmoja baada ya mapigano makali ya Mahiwa, Wajerumani walirusha kutoka Jamboli, Bulgaria, chombo kikubwa cha angani kilichojazwa gesi, L59, chenye urefu wa zaidi ya mita 220. Kilipakiwa silaha, risasi na dawa, karibu tani 15 za mizigo, na safari yake ilikuwa ya kuja Nyanda za Juu za Makonde. Hakikutarajiwa kurudi. Mpango ulikuwa kifike, kifumuliwe, kitambaa chake kishonwe mahema na nguo za askari, hata ngozi ya njia ya ndani iwe viatu. Kilivuka jangwa hadi Sudan, magharibi ya Khartoum, kikapokea ujumbe wa redio kikiamriwa kugeuza. Kilirudi Jamboli baada ya saa 95 angani bila kutua. Siku hizo hizo von Lettow-Vorbeck alikuwa anavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. L59 yenyewe iliteketea Aprili 1918 juu ya bahari ya Adriatiki. Anayekwenda Ulaya akitumaini kuiona hataipata.

Kuna na la karibu zaidi, ambalo wazee wa vijiji vya kando ya Ruvuma hawahitaji bango kulikumbuka. Kati ya 1964 na 1974, FRELIMO ilipokuwa ikipigana na Wareno, ndege zilizoruka juu ya Cabo Delgado zilisikika hadi upande wetu. Wareno walitumia T-6, ile ambayo Waingereza na watu wa Afrika Kusini huiita Harvard, ndege ya kufundishia waliyoifunga mabomu na roketi. Baadaye wakaleta Fiat G.91, ya jeti. Mwaka 1970, Wareno walipoanzisha operesheni yao kubwa ya Mueda, mapigano yalikuwa ng'ambo tu ya mto. Makaburi ya mashujaa wetu pale Naliendele yanakumbusha kwamba vita vile havikuwa vya majirani peke yao.

Swartkop wanazo Harvard. Zao zilitumika kufundishia marubani hadi miaka ya 1990, hazikuja Ruvuma, lakini mashine ni ile ile na sauti ni ile ile. Kwangu hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuiweka Swartkop mbele.

Swartkop siku ya kawaida

Chagua siku ya katikati ya wiki. Kwa miaka mingi kuingia kumekuwa bure. Ni ndani ya kambi ya jeshi, kwa hiyo chukua pasi ya kusafiria, jiandikishe getini, na uelekeze kamera kwenye makumbusho tu. Hakuna anayekuharakisha. Mahanga ni ya zamani, taa ni hafifu kwenye pembe, maelezo mengine yamefifia, na ndege nyingi zimeegeshwa nje juani, rangi zikichubuka. Anayetaka kioo kinachong'aa na skrini za kugusa atavunjika moyo.

Anayetaka kuona chuma atafurahi. Nilisimama karibu na Harvard fundi mmoja wa makamo akiiandaa. Chini ya pua kulikuwa na sinia la bati limejaa oili nyeusi. Kabla ya kuiwasha, walilishika panga la mbele, yaani propela, kwa mikono na kulizungusha polepole, jani moja baada ya jingine. Nilimuuliza sababu. Injini yake ina silinda tisa zilizopangwa kwa duara, akaniambia, na ndege ikisimama muda mrefu oili huteremka na kujikusanya katika silinda za chini. Ukiiwasha hivyo hivyo, pistoni inakutana na oili isiyobanika, na kitakachokubali ni chuma: fimbo inapinda au silinda inapasuka. Ukizungusha kwa mkono, unaihisi ikikataa kabla hujaharibu kitu. Kisha ikawashwa. Ilikohoa, ikatema moshi mweupe wenye ubuluu, ikanyamaza kidogo, halafu silinda zikashika moja moja mpaka zote tisa zikaimba pamoja. Ule moshi ni masalia ya oili ile ile yakiungua. Mpwa wangu angejifunza zaidi katika dakika hizo kuliko katika muhula mzima wa kuchora injini ubaoni, na ndiyo sababu ya pili ya jibu langu.

Halafu ziko ndege zinazoumiza, na sioni haya kuliandika. Pale Swartkop zimo Buccaneer na Canberra, ndege za kudondosha mabomu, aina zilizotumwa Mei 1978 kuishambulia Cassinga, kusini mwa Angola, ambako mamia ya Wanamibia waliuawa, wakimbizi wakiwemo. Zimo Impala, ndege nyepesi za jeti, aina iliyoshambulia Matola, Msumbiji, Mei 1983. Zimo ndege za kivita za Mirage na helikopta za Alouette zilizopigana Namibia na Angola kwa miaka. Tanzania ilikuwa upande wa waliopigwa. FRELIMO walikuwa na kambi yao Nachingwea, na wapigania uhuru wa Namibia na Afrika Kusini walipata hifadhi na mafunzo katika ardhi yetu. Mabango mengi yanakupa kasi, uzito na mwaka wa kununuliwa, na hayana mengi kuhusu waliokuwa chini. Nenda ukijua. Mtu wa kusini aliyesikia habari hizi nyumbani anaiangalia Buccaneer kwa macho ambayo mtalii wa kawaida hana, na nadhani ni haki yetu kuiangalia hivyo, kwa kukaribia kabisa.

Siku ya maonyesho

Maonyesho ya makumbusho haya huwa mwezi Mei. Yana tiketi, na watu ni wengi. Aliyewahi kupambana na umati wa Nanenane pale Ngongo siku ya kilele ataelewa. Ukitaka nafasi mbele karibu na uzio, fika mapema asubuhi, na usitarajie kuzungumza na fundi yeyote, kila mmoja ana kazi. Kinachokulipa ni mwendo. Harvard nne zikiruka kwa mpangilio wa karibu, kelele kubwa inatoka kwenye panga: ncha zake huzunguka kwa kasi inayokaribia ya sauti, na ndege inapogeuka juu yako unasikia mlio mkali unaopasua hewa. Helikopta za Alouette nazo hupata nafasi, na ndege za sasa za jeshi hushiriki kadiri bajeti ya mwaka inavyoruhusu. Mwaka mwingine ni nyingi, mwingine ni chache. Thibitisha tarehe kabla ya kulipa nauli.

Spitfire ya makumbusho haya, ndege ya kivita ya Waingereza ya Vita Kuu ya Pili, usiitarajie angani. Ilianguka hapo hapo Swartkop Aprili 2000, rubani akanusurika, na watu wa kujitolea wamekuwa wakiijenga upya kwa subira, kipande kwa kipande.

Ukiniuliza uchague siku ipi kati ya hizi mbili, nitauliza umri wako na tabia yako. Mtoto wa miaka kumi mpeleke siku ya maonyesho, na umwekee kinga ya masikio, ile ya kufunika sikio lote, si pamba. Anayesomea ufundi, uhandisi au historia apewe siku ya kawaida, na kama ratiba inaruhusu apewe zote mbili ndani ya wiki moja. Zamani ilikuwa desturi pia ndege za makumbusho kuruka kwa mazoezi Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Piga simu uulize, maana ukiipata hiyo umepata sauti ya injini bila umati.

Duxford: ubora ambao siwezi kuupinga

Kwa upana wa mkusanyiko na utunzaji, Duxford inaishinda Swartkop, na si kwa kidogo. Uwanja ulijengwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na Agosti 1938 Kikosi cha 19 kilipokea hapo Spitfire za kwanza kabisa kuingia katika jeshi la Uingereza. Baadhi ya mahanga ya zamani bado yapo na yanatumika. Jengo la ndege za Marekani lililofunguliwa mwaka 1997 limesanifiwa na Norman Foster kuanzia upana wa B-52, ndege kubwa ya mabomu, mabawa yenye mita 56 na ushee, na ndege hiyo imo ndani, pamoja na SR-71, nyeusi, ndege ya upelelezi iliyoruka zaidi ya mara tatu ya kasi ya sauti. Kuna Concorde, ndege ya abiria iliyoruka kwa kasi kuliko sauti, unayoweza kuingia ndani na kuona jinsi ilivyobanwa na vyombo vya majaribio.

Lakini nguvu ya Duxford ni kwamba ndani ya uwanja huo huo kuna karakana za watu binafsi wanaofufua ndege. Unapita kwenye hanga unaona Spitfire imevuliwa ngozi yote, mbavu zake nje, na injini ya Merlin ya lita 27 ikiwa juu ya kigari. Ndiyo maana maonyesho yake, hasa yale ya Septemba ya kukumbuka vita vya angani vya 1940, yanaweza kuleta Spitfire nyingi na Hurricane kwa pamoja. Hapana mahali Afrika unapoweza kuona hilo. B-17 iitwayo Sally B, ndege ya mabomu ya Wamarekani ya Vita Kuu ya Pili, nayo ina makazi hapo.

Ningempeleka nani huko? Mtu ambaye babu yake alikwenda vitani Burma wakati wa Vita Kuu ya Pili. Wapo wengi kusini, kwa sababu King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, walichukua vijana kutoka vijiji vyetu. Mwaka 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliposhuka bonde la Kabaw wakati wa masika, barabara zilikuwa tope, na chakula, risasi na dawa viliangushwa kwa miavuli kutoka kwenye ndege za aina ya Dakota. Duxford inayo C-47, ambayo ndiyo Dakota yenyewe. Kusimama kwenye ule mlango mpana wa ubavuni, ambamo magunia yalisukumwa kwa miguu, ni njia ya kumsogelea babu ambaye pengine hakuzungumza sana aliporudi. Ila maelezo mengi ya pale yanahusu Waingereza na Wamarekani. Habari za askari wetu nenda nazo mwenyewe, umeshaziuliza nyumbani.

Ukishafika Uingereza, kuna mahali pengine padogo, Shuttleworth, kijijini Old Warden, wanaporusha ndege za mwanzo kabisa, pamoja na Blériot ya 1909. Ndege za umri huo hutoka upepo ukitulia tu, mara nyingi jioni, kwa hiyo unaweza kulipa ukazikosa. Kwa anayetaka kuelewa Kikosi cha 26 kiliruka na nini, Avro 504K na SE5a za pale, ingawa si aina zile zile, zinafundisha zaidi ya chochote Swartkop.

Na kwa mwenye moyo wa kuona Fiat G.91 yenyewe, ile ya Wareno, iko Sintra, karibu na Lisbon, katika makumbusho ya jeshi la anga la Ureno. Ni safari nyingine kabisa.

Pesa, karatasi na majira

Hapa ndipo wengi wetu huamua, tena kwa haki. Mtanzania haombi viza ya kwenda Afrika Kusini kwa matembezi ya muda mfupi. Uingereza unaomba, unalipa, unapeleka taarifa za benki na barua ya kazi, na ukikataliwa ada hairudi. Mkulima wa korosho ambaye akaunti yake hujaa msimu wa mnada na kukauka miezi mingine ana kazi kubwa ya kueleza kipato chake kwa karatasi. Awe na stakabadhi za AMCOS za misimu kadhaa, zilizopangwa.

Kutoka Mtwara unafika Dar kwa ndege au kwa basi, na Dar kwenda Johannesburg kuna ndege ya moja kwa moja, chini ya saa nne. Kutoka uwanja wa OR Tambo unapanda treni ya Gautrain, unabadilisha Marlboro, unashuka Centurion, na Swartkop iko karibu kwa teksi. London haina ndege ya moja kwa moja kutoka Dar. Utaunganisha Addis Ababa, Doha au Nairobi. Kisha kutoka Liverpool Street unachukua treni hadi Whittlesford Parkway, na Duxford iko maili chache mbele. Kiingilio cha mtu mzima ni zaidi ya pauni 20 siku ya kawaida, na siku ya maonyesho ni tiketi nyingine ya bei ya juu inayonunuliwa mapema.

Kuhusu majira: malipo ya korosho huingia kuanzia Oktoba, na kufika Mei fedha nyingi zimekwisha kwenye ada, pembejeo na ujenzi. Anayelenga Swartkop anunue tiketi ya ndege Desemba au Januari, kabla pesa haijapata wenyewe. Septemba ya Duxford inaangukia kabla mnada haujafunguliwa, kwa hiyo inabidi uilipie kwa mavuno ya mwaka uliotangulia. Na baridi isichukuliwe mzaha. Asubuhi ya Mei Pretoria ni kavu na baridi yake inachoma kwa mtu aliyezoea upepo wa Shangani. Sweta na soksi nzito, halafu kofia ya jua kuanzia saa nne. Duxford ni mvua, na uwanja ni wazi, hauna pa kujibanza.

Ukichagua Pretoria, panga hivi: siku ya katikati ya wiki tembelea mahanga, Jumamosi ya maonyesho fika mapema, na siku inayobaki iende Freedom Park, juu ya kilima cha Salvokop, upande wa kusini wa mji. Kuna ukuta wenye majina ya waliokufa katika vita vya Afrika Kusini, wakiwemo wapigania uhuru na askari wa Cuba waliofia Angola, na baadhi yao walipigana dhidi ya jeshi lile lile ambalo ndege zake utakuwa umeziona Swartkop. Chukua muongozaji wa hapo hapo, na mwambie mapema kwamba umetoka Tanzania.